Paja Lililosahau Kukaza

Wengi wenu hapa Kasoli mlinifahamu nikiwa nyuma ya plau. Nikimaliza shamba langu la pamba, majirani waliniita nikawalimie na wao. Nilijiona mwanaume kamili. Sikuwaza kwamba iko siku ningebebwa kwenda chooni.

Msimu ule plau ilinasa kwenye kisiki, maksai wakavuta kwa nguvu. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Nilisikia kitu kinakatika ndani ya goti. Jioni goti lilikuwa limevimba kama boga. Mama akalikanda kwa maji ya moto, nikalia mbele ya mke wangu Kabula, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Hospitali ya Bariadi mjini wakanipa rufaa kwenda Mwanza. Daktari akasema, "Kano ya ndani ya goti imekatika. Tutakuwekea nyingine, lakini bila mazoezi mguu hautafanya kazi." Mimi nilishika la kuwekewa nyingine tu.

Niliporudi nyumbani na mshono wangu, mama akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, tulia." Wageni waliokuja kuniona walisema hivyohivyo. Kwetu mgonjwa hainuki, anainuliwa. Nikatulia. Bandeji ilipotolewa, paja lilikuwa limenywea, ngozi inaning'inia. Nililiona nikajichukia.

Nikaanza kliniki ya mazoezi ya viungo Bariadi. Mtaalamu alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Mwanhuzi. Akanibandika vibandiko vyenye nyaya juu ya goti, na kwenye skrini ukatokea mstari ulionyooka.

"Kaza paja, baba, ili mstari upande juu."

Nikafumba macho, nikalala nikisubiri kama mtu aliyetundikiwa dripu. Nyumbani niliwaambia watu kwamba naingiziwa umeme wa kunipa nguvu. Kliniki ya pili mstari ukawa vilevile, nikalalamika, "Dada, umeme wenu ni mdogo."

Akanitazama. "Baba, hii mashine haikupi kitu. Inasoma msuli wako tu. Umelala, nayo inaonyesha umelala."

Miezi yote ile nilikuwa nasubiri kitu ambacho hakiji.

"Plau ikinasa huwa unafanyaje?" akaniuliza.

"Najikita."

"Basi jikite hapohapo kitandani."

Nikajikita mpaka meno yakauma. Mstari ukatikisika, ukainuka kidogo, ukaanguka. Jasho lilinitoka kwa kitu kidogo hivyo.

Nyumbani hatukuwa na mashine, kwa hiyo yule dada alimfundisha Kabula kuweka kiganja juu ya goti na kusikilizia kama msuli unakaza. Mara nyingi Kabula alisema, "Bado, baba Minza." Kuna siku nilimfukuza kwa matusi. Alitoka, akalisha kuku, akarudi kuweka kiganja.

Leo natembea bila gongo, na namshukuru Mungu. Lakini goti halikurudi kama lilivyokuwa, na daktari amenikataza plau. Kabula ndiye anayelima. Mimi natangulia mbele kuwaongoza maksai, kazi tunayowapa watoto, na nimewasikia mkicheka. Chekeni tu.

Ila mkiwa na mgonjwa aliyeambiwa afanye mazoezi, msimbebe. Mwacheni ahangaike, hata akiwatukana. Mimi mlinibeba kwa upendo, na upendo ule umenigharimu mguu.

Asubuhi za kulima nashika kamba ya maksai, nageuza uso nisimwone mke wangu nyuma ya plau, kisha natembea.