Kangambili na Mwenzake

Mwaka tulioamriwa kupanda pamba, macho ya mama yangu yalikuwa yameshaingia ukungu. Tulikaa Masaki, upande wa Kisarawe, baba, mama na mimi, binti wa miaka kama kumi na miwili. Pamba ilianzia pale mihogo ilipoishia.

Vitumba vilipoanza kupasuka, kangambili wakaja. Ni wadudu wekundu wenye madoa meusi; hufyonza mbegu na kuiacha pamba na mawaa ya manjano, kama kitambaa kilichofungia kidonda. Bwana Shamba akaamuru kila nyumba iwaokote na kuwatia kwenye debe la maji ya moto. Atakayekutwa nao atashitakiwa bomani.

Lakini mama alijua jambo moja. Kati ya wale wekundu alikuwamo mwingine, rangi ile ile, madoa yale yale, ambaye hakuigusa pamba. Chakula chake ni kangambili. Siku moja tulimkuta mmoja amemchoma kangambili, anamnyonya taratibu.

"Mtazame shingo," mama aliniambia. "Kangambili hana shingo. Huyu anayo, nyembamba, na mdomo wake umepinda kama ndoana. Muache afanye kazi yake. Wala usimshike, anauma kuliko nyuki."

Kwa kuwa yeye hakuona tena vitu vidogo, kuwachambua ikawa kazi yangu. Siku nyingi niliifanya vizuri. Siku moja jua lilichoma, mgongo ukaniuma, nikaiacha mistari miwili ya mwisho.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza, mama. Waliobaki ni wale wenye shingo."

Kesho yake Bwana Shamba akaja na jumbe. Akafika mistari ile ile, akatikisa mche, wekundu wakamwagika chini.

"Na hawa?"

Mama akainama. Sidhani aliona zaidi ya wekundu. "Hawa si kangambili, bwana. Hawa ndio wanaowala kangambili. Wallahi, mwanangu amewatazama mmoja mmoja."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale. Niliwaona vizuri. Walikuwa wameshikana wawili wawili, mkia kwa mkia, kama wafanyavyo kangambili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shingo. Nikanyamaza.

"Mwekundu ni mwekundu," alisema Bwana Shamba, akamgeukia baba. "Shamba ni lako. Utakuja kueleza bomani."

Baba alifungwa miezi miwili, akipasua mawe ya barabara. Ilikuwa wakati wa kipupwe, na wafungwa walilala kwenye sakafu tupu. Nyumbani mama alikuwa na hofu, akaniambia, "Okota wote, mwanangu. Usichague tena." Nikawaokota wote. Mmoja wa wenye shingo aliniuma kidoleni, nikalia, nikamtia majini na wenzake. Wiki chache baadaye kangambili walijaa kuliko mwanzo, na pamba yetu ikachafuka yote.

Baba alirudi anakohoa. Hakumlaumu mtu. Alikaa barazani na shuka mabegani hata mchana, na kabla ya Ramadhani tulimzika.

Mama alipomaliza eda, tukiwa jikoni tunamenya mihogo, aliniuliza bila kuinua uso.

"Wale wa siku ile. Walikuwa na shingo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuwa na namna ya kujua.

"Hawakuwa nayo, mama. Mistari ile sikuigusa."

Kisu kikasimama. Nilingoja anipige, nilitaka anipige. Akavuta pumzi, akachukua muhogo mwingine.

"Usimwambie baba yako mdogo," alisema. "Wala mtu yeyote."

Sikumwambia mtu. Niliolewa Soga, nikazaa, na kila nilipokuja kumsalimu alinipokea vizuri, akanipikia, akawabeba wanangu. Ila mpaka anakufa hakuniuliza tena neno lolote ambalo jibu lake angelazimika kuliamini.