Majivu ya Mama

Mwaka juzi nilitoka mjini, Makole, kwenda Kongwa kumsaidia mama baada ya mavuno. Alipokwenda kanisani nikafungua kihenge, ghala lake la fito lililokandikwa udongo. Uwele wote ulikuwa umejaa majivu. Sikuelewa. Mwanamke anayefagia uwanja mara mbili kwa siku anawekaje chakula kichafu namna hii? Nikapepeta ungo baada ya ungo hadi mgongo ukauma, majivu nikayamwaga chooni.

Aliporudi nikamwamkia, nikamwonyesha uwele unavyong'aa. Marahaba yake ilichelewa.

"Majivu yako wapi?"

Nilipomwambia, akakaa chini. "Sasa wadudu utawazuia wewe?"

Nikaweka ungo chini, nikaenda kutafuta mengine. Jikoni yalibaki majivu ya asubuhi tu. Yale aliyoyakusanya kwa miezi mingi alikuwa ameyachanganya na uwele. Akachukua ndoo, akaenda kuomba kwa jirani. Nikamsikia ng'ambo ya ua akiulizwa kulikoni.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nimezaliwa nyumba hii hii.

"Nimepata mgeni," mama akajibu.