Ukuta wa Njia ya Pwani

Mwabungo nzima ilimjua Mwanapili kwa sababu ya ukuta. Mwenye kiwanja mmoja alikuwa ameiziba njia ya kuteremkia pwani, na wanawake wanaochokoa pweza wakawa hawana pa kupita. Mwanapili ndiye aliyewakusanya. Alikwenda kwa chifu, akaenda Kwale kwenye ofisi za ardhi, akasimama mikutanoni hadi sauti ikamkauka. Wakati wa kula alizungumzia ukuta. Kitandani, ukuta.

Watu walikuwa wamesahau kwamba muda mfupi kabla ya hapo alijifungua mtoto wa kiume, akazaliwa amekufa. Kibwana, mumewe, na nduguze walimzika mtoto, mama akiwa bado amelazwa hospitali. Mwanapili aliporudi nyumbani aliambiwa, "Mshukuru Mungu, utapata mwengine." Akaitikia, alhamdulillahi. Kisha akasikia habari ya ukuta, akajifunga kibwebwe.

Mwaka wa pili amri ikatoka, ukuta ukabomolewa. Wenzake walipita na ndoo zao wakipiga vigelegele. Mwanapili alirudi nyumbani, akaketi mkekani, akashindwa kuinuka.

Yusra, mdogo wake, alimletea uji. "Dada, si umeshinda? Mbona hivi?"

"Sijui. Kumekuwa kimya, na kifua kinanijaa kama siku zile maziwa yalipokuja. Na maziwa hayapo."

Yusra hakumwambia ashukuru. Alitoka akamwita Kibwana.

"Ulimzika wapi?" Mwanapili alimwuliza mumewe. Hakuwa amepata kuuliza.

"Karibu na kaburi la nyanya. Kila Ijumaa hupita nikamng'olea magugu. Nilidhani hutaki kusikia."

"Nilikuwa sitaki. Alifanana na nani?"

"Masikio yako yale yale. Na nywele tele."

Hapo Mwanapili akalia kwa sauti, majirani wakaja mbio. Kibwana aliwazuia mlangoni. "Hakuna jambo. Mwacheni alie."

Asubuhi walifuatana hadi ukingoni mwa makaburi, Kibwana akamwonyesha kwa kidole. Walisimama pale mpaka jua likawa kali. Wakiwa njiani kurudi wakakubaliana kumwita mtoto wao Swabir.

Siku chache baadaye wanawake walimjia tena. Zahanati haikuwa na dawa, walimtaka awaongoze.

"Nitakuja, inshallah," aliwaambia, "lakini si sasa. Nina msiba."

Hawakuuliza msiba wa nani. Walivua viatu, wakaingia, wakakaa naye.