Mzigo wa Injini

Ilikuwa mwaka ule maporomoko yalipofunga njia ya juu. Hapana, nakosea; maporomoko yalikuwa mwaka wa nyuma yake. Huu ulikuwa mwaka uliofuata, mvua zilipochelewa kuisha, na wageni wawili, mtu na mkewe, wakaja kabla ya msimu kwa sababu walitaka mlima usio na kelele za watu.

Wakaupata. Tangu mvua hakuna aliyepita. Majani yalikuwa yameimeza njia, na matope yaking'ang'ania kiatu kama kupe.

Miongoni mwa wapagazi alikuwamo mtu waliyemwita Injini. Jina alilipata ujanani, alipokuwa akipanda huku anaimba na wenzake wanakohoa. Sasa goti lilikuwa limevimba, na usingizi haukumtosha tena. Na kwa wapagazi, safari ya kwanza ndiyo mtihani: mzigo hutuliwa chemchemini tu, penye chai. Ukiutua kwingine kabla ya kibanda cha kulala, msimamizi anakurudisha, na msimu wote unaukalia nyumbani. Injini hakuwa na shamba. Mlima ndio uliokuwa shamba lake.

"Injini inataka grisi," shemeji yake, kaka wa mkewe, alimtania kutoka nyuma.

"Wewe tela tu, shemeji. Tela halipigi honi."

Wakacheka. Lakini chemchemini alifika hoi bin taaban. Akajitenga nyuma ya jiwe, akalifunga goti kwa kitambaa, akakaa huko mpaka aliposikia wanaitana. Aliporudi na kujitwika, nusura aende mbele kifudifudi: mzigo ulikuwa mwepesi. Akapapasa kamba. Fundo halikuwa la mkono wake. Debe la mafuta ya taa alilolifunga asubuhi halikuwamo.

Akafungua kinywa. Msimamizi alikuwa amesimama palepale, analitazama lile goti. Akakifunga.

Akapanda. Nyuma yake walikuwa wanahema wote, hata asiweze kujua ni nani anayehema kuliko mwenzake.

Kibandani msimamizi, kijana ambaye Injini angeweza kumzaa, akamwambia, "Mzee, msimu huu tuko pamoja," kisha akatoka kwenda kuwaona wageni. Injini akaitikia kwa kichwa. Alikaa juu ya gogo, kachoka mwili, na kachoka kitu kingine asichokijua jina.

"Nani kanipunguzia?"

Mpishi akafunika sufuria. Mwingine akaanza kukagua soli ya kiatu chake.

"Kunywa chai, shemeji, inapoa."

"Nimeuliza."

"Na mimi nimesikia. Kunywa."

Msimu ule aliumaliza, na nusu ya mwingine. Kila safari alikuta mzigo wake umeshafungwa, mwepesi, na kila safari aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa, nao wakainama kufunga viatu:

"Jamani, mlima huu ninaupanda mimi, au mnanipandisha?"