Uji wa Ng'ambo ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa Utafiti wa ofisi yetu ya Mbeya alinikabidhi madodoso, penseli na mwavuli, akaniambia, "Mvua ikinyesha, funika kwanza karatasi. Wewe utakauka." Nikacheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani hata kidogo. Mdadisi, yaani yule anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali, enzi zetu alithaminiwa kidogo kuliko karatasi zake. Ninyi wa vishikwambi mnaobonyeza jibu likafika Dar es Salaam papo hapo, hamjui raha mliyonayo. Mimi nimepanda vilima vya Usafwani nikiwa na mimba ya Subi, mwanangu wa kwanza, na majibu niliyarudisha makavu.

Kazi yenyewe inaitwa tathmini. Watu huichanganya na ukaguzi, ndiyo maana tukifika kijijini mwenyekiti anakimbilia kuvaa koti. Mtathmini hatafuti mwizi. Anauliza kama maisha ya watu yamebadilika, na kama yamebadilika, ni kwa sababu ya mradi au yangebadilika tu hata mradi usingekuja. Niliuliza maswali yaliyotungwa na wengine kwa miaka mingi, hadi siku moja nikachoka. Nikaomba ruhusa, nikaenda Iringa kusoma shahada ya uzamili, mtu mzima na miwani yangu.

Nilipanga chumba Kihesa. Darasani wote walikuwa rika la wanangu, wakaniita Mama Subi na kuniachia kiti cha mbele kwa heshima, wakaninyima hata nafasi ya kusinzia. Msimamizi wa tasnifu yangu alikuwa Mkuu wa Idara, profesa wa Kihehe, mrefu, mpole, maneno yake machache na makali. Ukiingia ofisini kwake bila kumsalimu kwa Kihehe, "kamwene", anakutazama tu, mpaka utoke uingie upya. Nilimpenda mzee yule kama baba yangu mzazi, na kunikasirisha alinikasirisha vilevile.

Tasnifu yangu ilihusu uji. Kulikuwa na shule moja ya msingi tambarare za Usangu, si mbali na Chimala, ambako mfadhili alikuwa akigharimia uji wa saa nne ili watoto wa wafugaji wasiache masomo. Alikuwa amesema wazi kwamba tathmini ikionyesha uji hausaidii, anafunga. Pale nilizoeana na Mama Kabula, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huko na ng'ombe wao. Mumewe alikubali binti yao Kabula asome kwa sababu moja tu, anashiba shuleni. Mama Kabula aliniambia bila kuzunguka, "Mwalimu, uji ukiisha, baba yake anampeleka machungani. Ameshasema." Tangu siku hiyo nilikuwa nikifungua kompyuta namwona Kabula na daftari lake kichwani.

Sasa nieleze jambo moja la kitaalamu, mnivumilie. Ili ujue mradi umeleta tofauti, unatafuta kundi linganishi, watu wanaofanana na wale wa mradi ila wao hawakuupata. Shule yetu linganishi ilichaguliwa na mshauri wa mfadhili akiwa mezani kwake. Alitazama ramani, akaona mto katikati ya vijiji viwili, akaridhika kwamba hawa na wale hawakutani. Jamani. Mto ule kiangazi watu wanauvuka wakiwa wamekunja nguo magotini, na akina mama wa pande zote mbili wanauza mchele katika soko lile lile la Chimala, wamekaa bega kwa bega wakipeana habari za dunia nzima.

Matokeo yalipokuja, niliyahesabu upya mara mbili. Mahudhurio ya shule ya mradi yalikuwa yamepanda, lakini ya shule linganishi yalipanda zaidi. Kwa hesabu za mfadhili maana yake ni kwamba uji haukufanya kitu.

Nikampelekea Profesa. Akasoma, akavua miwani. "Ng'ambo ya mto umekwenda mwenyewe?"

"Hapana, Profesa. Wadadisi walikwenda. Takwimu zimekamilika."

"Takwimu zimekamilika, wewe bado. Nenda. Ukae pale mpaka saa nne."

Nikaenda nikinung'unika njia nzima. Saa nne kengele ikagongwa, watoto wakatoka mbio na vikombe, na nyuma ya darasa nikaona moshi. Sufuria kubwa kabisa, uji unatokota, na mama mmoja mnene mchangamfu anaukoroga. Huyo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa shule. Akanimiminia kikombe kabla sijajitambulisha. Ulikuwa na maziwa. Uji wa mradi haukuwahi kuonja maziwa.

"Mbona kwenye dodoso mlijibu hamna uji?" nikamuuliza.

"Tulijibu hivyo wapi? Mlituuliza, je, mradi unawapa uji? Tukasema hapana. Mradi hautupi kitu, tunapika wenyewe." Akacheka mpaka kanga ikamlegea. "Tulisikia sokoni wenzetu wanapikiwa. Tukasema hee, watoto wetu si watahamia huko wote, shule ibaki ya popo? Wakulima wakaleta mahindi, wafugaji wakaleta maziwa. Tunapeana zamu."

Nilirudi Iringa nimefurahi na nimeogopa. Uji ulikuwa umefanya kazi pande zote mbili za mto, upande mmoja kwa sufuria ya mfadhili na upande wa pili kwa wivu. Lakini nikiandika hivyo, mfadhili atasema wazazi wanajiweza, afunge. Nisipoandika atasema uji ni kazi bure, afunge vilevile. Nikamwomba Profesa anisaidie nilainishe maneno, nikamweleza habari za Kabula mwanzo hadi mwisho.

"Mama Subi," akasema, "wewe ni mtathmini, si wakili wa sufuria. Andika ulichokiona."

Nikatoka bila kuaga. Nilishuka kwa miguu hadi Mlandege nikimsema njia nzima kwa Kinyakyusa, lugha ambayo kwa bahati haielewi. Jioni nikakaa, nikaandika nilichokiona.

Siku ya utetezi, yaani pale unapokalishwa mbele ya watahini wakuchambue, walinichambua kweli, na nikafaulu. Haukupita muda mrefu, mfadhili akatangaza kufunga mradi. Kwenye mahafali nilivaa joho nimenuna, hata picha zinaonyesha.

Katika kazi yetu ripoti humrudia mwenye fedha, kijijini harudi mtu. Mimi niliona aibu hiyo siiwezi. Wiki iliyofuata baada ya uji wa mradi kwisha nilikwenda kumwambia Mama Kabula kwa mdomo wangu, nikitarajia anifukuze. Nilipofika shuleni sufuria ilikuwa jikoni. Yule mama mchangamfu wa ng'ambo alikuwa amevuka na wenzake, anawaonyesha wenyeji namna ya kupanga zamu. Na kwenye benchi, kikombe mkononi, alikaa Profesa wangu. Pembeni yake gunia la mahindi ya shambani kwake.

"Kamwene, Mama Subi."

"Profesa, unafanya nini huku?"

"Nakunywa uji. Mtathmini amebaki Iringa."

Machozi yalinitoka, nikajifanya ni moshi. Mama Kabula akanivuta pembeni, akanionyesha dumu la maziwa. "Ya baba Kabula hayo," akasema. "Kasikia wafugaji wa ng'ambo wanatoa maziwa. Kasema, wao watoe maziwa, sisi tutoe nini, maji?"

Sasa nimestaafu, niko Uyole na viazi vyangu, na Profesa tumeshamzika. Wanafunzi wa uzamili hunijia na vishikwambi vyao wakitaka niwafundishe kuchagua kundi linganishi. Nawafundisha. Nawaambia waende wenyewe, waulize watu wanauza wapi, wanaoana na nani, maana ramani haisemi. Kila ninapomaliza kusimulia habari za uji, hakosi mmoja wa kuniuliza, "Sasa mama, kwa vigezo, ule mradi ulifaulu au ulishindwa?"

Zamani nilikuwa na jibu refu lenye vigezo vyote. Siku hizi namwambia Kabula alimaliza darasa la saba, na baba yake alikuja kupokea matokeo.