Mtegaji na Ngwe ya Mwisho

Siku yangu ya kwanza kwenye palizi, huko Hirbadaw, nilipewa jembe, ngwe na jina. Jembe lilikuwa na mpini mbichi. Ngwe, kwa nyie ambao mmelima shamba la shule tu, ni kipande anachopimiwa mtu mmoja akimalize. Jina lilikuja mchana.

Nilikuwa nimetoka kidato cha nne. Kwetu Endagikot palizi ni ya majirani, leo kwako kesho kwangu, na anayemaliza ngwe yake haendi kivulini. Anageuka, anaanzia mwisho wa ngwe ya aliyechelewa, analima mpaka wakutane. Tunaita kupokea. Hakuna anayemshukuru mwenzake kwa hilo. Basi siku ile nilimaliza mapema, nikageuka kumpokea Mama Tluway, mama wa makamo tuliyetoka naye kijiji kimoja, goti lake lilikuwa bovu. Nyapara akanikuta.

"Wewe binti, ngwe yako iko wapi?"

"Shikamoo. Nimemaliza."

"Na hapa unafanya nini?"

"Nampokea mama."

"Hapa hatupokeani. Unamfichia goigoi, na wewe mwenyewe ni mtegaji."

Nyapara ni msimamizi wa vibarua, ndiye anayesema nani apande trekta asubuhi na nani abaki. Wetu alikuwa na maneno yake, na kila neno lilikuwa na kazi. Mvivu alilitumia alfajiri, nusu utani, kutuamsha kambini. Mzembe alikuwa yule aliyekata mche wa maharage pamoja na majani. Huyo alisemwa mbele ya watu, akaendelea. Goigoi ni mwenye mwili usiomfuata, anataka lakini hawezi, na huyo aliachwa achekwe mpaka aondoke mwenyewe. Baya kuliko yote lilikuwa mtegaji, mwenye nguvu zake anayezificha. Ukishaitwa hivyo mara ya pili, trekta linakuacha. Mimi siku ile nilisamehewa kwa ugeni. Sikugeuka tena, na wengine hawakugeuka.

Nikaanza kusikiliza nani anaitwa nini. Dereva wa trekta alilala chini ya tela mpaka saa nane, ikasemwa anasubiri injini ipoe. Nyapara mwenyewe aliegemea fimbo yake kutwa, hiyo iliitwa kusimamia. Nyumbani vijana wanakaa kijiweni toka asubuhi, ukiuliza unaambiwa wanasikilizia mchongo. Sijawahi kusikia mama anayenyonyesha akisemwa anasikilizia mchongo.

Msimu mwingine tulipelekwa Balangdalalu, kwenye alizeti, na nyapara ni yule yule. Safari hii nilikuwa na mwanangu Neema mgongoni, mchanga bado. Baba yake alikuwa ameenda machimboni na simu yake haipatikani, kwa hiyo mimi na mtoto tulikula kwa jembe langu. Trekta likiniacha, hatuli. Ilikuwa rahisi kuelewa hivyo.

Kule mzee mmoja mfugaji alipitisha ng'ombe wake kando ya shamba, akasimama kututazama.

"Mnainama hivi kila siku?"

"Kila siku, mzee," Mama Tluway akamjibu.

"Kwani baba zenu walishindwa kutafuta ng'ombe?"

Tulicheka mpaka majembe yakasimama. Kwake yeye wavivu walikuwa sisi, na baba zetu. Nyapara hakucheka. Alikuwa ameshazoea kuwaita wafugaji wavivu, na sidhani kama aliwahi kujiuliza wao wanamwitaje.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa kali, Neema alilia. Nikakaa pembeni ya ngwe, nikamnyonyesha.

"Mtegaji ameanza," nyapara akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa shamba.

"Nanyonyesha, msimamizi."

"Kila ukichoka wewe, mtoto ana njaa."

"Mtoto hana saa mkononi."

Wanawake wakacheka chinichini. Hapo ndipo niliharibu, kwa sababu nyapara alivumilia kila kitu isipokuwa kuchekwa.

"Ngwe yako ikibaki jioni, kesho usipande trekta."

Nililima. Mtoto akilia nililima, akinyamaza nililima. Jioni wenzangu wote walikuwa wameshamaliza, wamekaa upande wa pili wakikung'uta udongo miguuni, na mbele yangu kulikuwa bado na kipande kirefu. Hakuna aliyeinuka, na siwalaumu, maana anayempokea mtegaji naye ni mtegaji. Kisha nikamwona Mama Tluway anajiinua kwa mpini wa jembe, goti lile lile.

"Mama, wewe kaa," nyapara akamwambia.

"Nimekaa vya kutosha. Nikizidisha utaniita goigoi."

Akaanza kulima kuja kwangu. Mmoja akamfuata, kisha mwingine, kisha wote. Tulikutana jembe kwa jembe kukiwa bado na mwanga.

"Nani kawatuma?" nyapara akauliza.

"Ngwe imeisha," Mama Tluway akasema. "Unadai nini tena?"

Alitutazama wote. Kutuacha wote hakuweza, alizeti ingepaliliwa na nani? Akanigeukia mimi. "Wewe hukulima. Umelimiwa."

Asubuhi trekta liliniacha. Ndivyo nilivyostaafu, bila barua, bila soda. Mama Tluway aliniambia baadaye kwamba msimu ule walimaliza kwa kupokeana, na nyapara alijifanya anatazama upande mwingine. Lakini mimi sikuitwa tena, wala pale wala kwingine alikokuwa na jamaa zake. Neno lilifika Endagikot kabla yangu.

"Shikamoo mama," nilimwambia mama mkwe mlangoni, mtoto mgongoni, sijala tangu jana yake.

"Marahaba. Nasikia kazi zimekuchosha."

Kazi nimestaafu, hasira sijastaafu. Nawaandikia nyie mnaosubiri matokeo ya kidato cha nne huku mkiulizia vibarua. Mtaitwa maneno haya. Mkisikia mwenzenu anaitwa hivyo, tazameni kwanza ngwe yake ni ndefu kiasi gani, ana nini mgongoni, na nani amekaa kivulini anamtazama.

Neema sasa anashika ufagio. Juzi alikuwa anafagia uwanja, polepole, akisimama kila hatua kutazama kuku. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Huyu naye atakuwa mtegaji kama..." Hakumaliza. Alijua nipo.

Nilikuwa na la kumjibu, tena refu. Nikachukua ufagio wa pili, nikaanzia upande wa zizi. Neema aliponiona nakuja akaongeza mwendo, anacheka, vumbi limemjaa usoni. Tulikutana katikati ya uwanja.