Akina mama thelathini na sita kwenye sanduku la Kavuo

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi, commune ya Ruwenzori mjini Beni. Kavuo Godelive amejifunika kitenge cheusi kichwani, ameinama nyuma ya sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na hatoki. Mpita njia anaweza kudhani mama wa watu amefiwa.

Na mmoja amedhani hivyo kweli. Muuza ndizi anasimama, anatua beseni lake chini na kuuliza kwa huruma: "Pole, mama. Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa," sauti inajibu kutoka ndani ya kitenge. "Niko natafuta macho ya Koko Tamar. Bado iko na ukungu."

Mbele yake, kwenye ngazi za kanisa, wamejipanga akina mama thelathini na sita wa kwaya, blauzi za bluu, vitambaa vyeupe kichwani. Katikati ameketi Koko Tamar, bibi wa miaka themanini na minane. Ndiye pekee aliye hai kati ya wale walioanzisha kwaya hii miaka arobaini iliyopita. Jumatatu atapanda ndege kwenda kuishi kwa mtoto wake Kisangani, na amekwisha kuwaambia wenzake kwamba magoti yake hayatakubali safari ya kurudi.

Picha zote za zamani za kwaya ziliungua pamoja na nyumba ya katibu, wakati watu walipokimbia mtaa. Donc, ni leo au basi.

"Telefone tuko nazo mingi," anasema Mama Eliane, kiongozi wa kwaya. "Mais ukikuza photo ya telefone iwe ya ukuta, sura zinakuwa sawa bugali. Sisi tunataka kila mutu ajulikane, na makunyanzi yake yote."

Ndiyo sababu wamemwita Kavuo kutoka Butembo, kilomita zaidi ya hamsini kwa moto, yaani pikipiki.

Kavuo ana miaka arobaini na sita na ana studio ndogo Bulengera, huko huko Butembo. Zamani watu ishirini kwa siku walikuja kupiga picha za passeport. Sasa wakija wanne, amshukuru Mungu. Kila mtu ana telefone yake mfukoni, na kila mtu ni mpiga picha.

"Mume wangu aliniambia nirudie kuuzisha maharagi," anasema. "Nikamuambia, maharagi utauzisha wewe."

Miaka miwili iliyopita alikuja studioni Zorobabel Kitsa, mzee wa miaka sabini na minne, mpiga picha wa siku nyingi ambaye mikono yake sasa inatetemeka. Alibeba valise ndogo ya mbao. Ndani yake hakukuwa na nguo. Valise yenyewe ndiyo camera: unafungua mfuniko, unavuta kitako, unasimamisha mbao ya mbele, na katikati inajitandua ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa kama accordéon. Zorobabel alisema atampa bure, kwa sharti moja: ajifunze mpaka mwisho.

"Siku ya kwanza ilinikamata asubuhi muzima," Kavuo anakumbuka. "Nilivuta fasi haivutwe, kidole ikabanwa, nikalia. Muzee yeye alikuwa nacheka tu."

Zorobabel hakatai. "Nilimuambia: we Kavuo, ile haiko mulango ya choo, hapana sukuma! Ukisikia iko nakataa, wewe ndiye umekosa."

Kufungua kulikuwa nusu tu ya kazi. Nyuma ya camera kuna kioo chenye ukungu, na juu ya kioo hicho dunia inasimama kichwa chini. Wiki nzima Kavuo aliona majirani wakitembea miguu juu mpaka akashikwa na kizunguzungu. Mtu akienda kushoto, kwenye kioo anaenda kuume. Kila alipotaka kumweka mteja katikati, alimtoa nje kabisa.

Alipozoea hilo, mzee akamfunga macho kwa kitambaa na kumwambia afungue na kukunja camera kwa kupapasa. Kisha akamkaririsha maneno matano: funga, ingiza, vuta, piga, rudisha. Yaani: funga jicho la camera. Ingiza châssis, lile kasha bapa linalobeba film. Vuta volet, kifuniko chembamba kinachoficha film. Piga. Rudisha volet kabla hujatoa kitu chochote. Ukiruka neno moja, film imekufa.

Na film zenyewe? Butembo haziuzwi. Fundi wa radio, zile picha za kuona mifupa, wa kituo kimoja cha afya, ambako siku hizi mapafu yanaonekana kwenye skrini ya ordinateur, alimpa kartoni ya film zilizobaki. Kavuo anazikata kwa mkasi chini ya taa nyekundu.

"Bateja banauliza kama nitaona mbavu zabo," anacheka. "Ninabajibu: asiyelipa tu ndiye nitaona yake."

Kwa safari ya Beni ana châssis mbili, kila moja na film mbili. Nne, hakuna ya tano.

Ya kwanza inakwenda haraka. Kavuo anatoka kwenye kitenge, anaingiza châssis, anavuta volet, na hapo anakumbuka: hakufunga jicho. Mwanga umeingia wote. Anarudisha volet, anajipiga kofi dogo shavuni, anaanza upya.

Ya pili anaiandaa vizuri. Mawingu ni mazito, kwa hiyo kwaya lazima itulie sekunde moja nzima. Sekunde moja si kitu. Anabonyeza. Papo hapo, kwenye mlango wa uwanja, anatokea Papa Ananie, mchungaji mstaafu, na fimbo yake.

Vichwa thelathini na sita vinageuka pamoja. "Wavukire, papa!" wanamwamkia.

Kavuo anashika kiuno. "Mais bamama! Niliwaambia nini?"

"Tungefanya je?" Mama Eliane anajitetea. "Muzee anapita, hapana kumusalimia? Hata kama ni gouverneur iko napiga photo, tutageuka."

Papa Ananie naye ni mtu wa adabu. Amesalimiwa, lazima ajibu, na anajibu mmoja mmoja, pamoja na habari za watoto, za shamba na za mbuzi aliyepotea mwezi uliopita. Robo saa inapita. Upande wa mlima anga limekuwa jeusi.

Kavuo anatazama barabara. Ni Jumamosi, wazee wengine watapita tu. Ndipo anamwendea Papa Ananie, anamshika mkono kwa heshima na kumsimamisha karibu kabisa na camera, kidevu chake jirani na lenzi.

"Papa, usimame hapa, hapana tikisika. Bamama, mumuangalie Papa. Mutu mwingine akipita, Papa atawajibia."

"Nitawajibia," Papa Ananie anakubali, na anajinyoosha kama askari wa gwaride.

Funga. Ingiza. Vuta. Piga. Macho yote yako kwa mzee, hakuna anayepumua. Rudisha.

Film ya nne haikutumika. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye ile ngozi nyeusi, na Kavuo akakunja camera mbio. Safari ya kurudi Butembo aliifanya na picha moja tu ya kutegemea, ambayo yeye mwenyewe hakujua kama ipo.

Mvua ilipokatika, katikati ya njia, kwenye kizuizi, askari kijana alitaka kuona mizigo. Alipekua, akatoa châssis, akaigeuzageuza. Kidole chake kikagusa volet.

"Mama, oyo nini? Fungua."

"Hapana fungua, papa!" Kavuo aliruka kutoka kwenye moto. "Mwangaza ikiingia, bamama yote banapotea!"

"Bamama gani? Bako wapi?"

"Bako humo ndani. Makumi tatu na sita."

Askari aliangalia kile kitu, chembamba kama daftari la shule. Akamwangalia Kavuo. Akarudi nyuma hatua moja na kuita mwenzake.

Kavuo anakumbuka: "Koko anaenda Jumatatu. Ule kijana akivuta kidole kidogo tu, kazi imeisha. Nikamuambia: papa, unipe dakika mbili nikuonyeshe."

Hapo kando ya barabara, mbele ya pikipiki zilizojipanga na akina mama wa mboga, alisimamisha miguu mitatu juu ya tope. Mfuniko, kitako, mbao ya mbele, ngozi, lenzi. Hakutazama vidole vyake hata mara moja. Hata dakika mbili hazikuisha. Akafungua jicho la camera, akainua kitenge: "Ingia."

Askari alimwachia mwenzake ile châssis na kuingiza kichwa. Kisha kitenge kikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Eh, yaya! Uko kichwa chini! Na kofia haianguke!" akamwambia mwenzake aliyesimama mbele ya camera.

Mwenzake naye akataka kuona. Akaona. Motard aliyemleta Kavuo kwa pikipiki akaona. Mama mmoja wa mboga akaomba na yeye. Kavuo akawaeleza kwamba châssis inakaa nyuma pale pale kwenye kioo, na ndani yake kuna kipande cha film ambacho jua likikigusa kinaungua, hata kama hakitoi moshi.

Kijana aliichukua tena châssis, safari hii kwa mikono miwili, kama sahani ya supu ya moto, akamrudishia. "Likambo te, mama, hakuna shida. Pita na bamama yako."

Saa kumi alasiri, Bulengera, Kavuo alijifungia kwenye stoo iliyo nyuma ya studio, na taa yake nyekundu na mabeseni matatu ya plastiki. Kucha alikuwa amekata mpaka kwenye nyama, maana film ya radio inakwaruzika kwa kuguswa tu. Nje ya mlango, Zorobabel alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, amekatazwa kukohoa.

Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, vikatokea vitone vyeusi, vingi, kwa mistari. Ni vile vitambaa vyeupe vya kichwani, maana kwenye film cheupe hutoka cheusi.

"Muzee! Bamama bako!"

"Yote?"

"Yote!"

"Koko iko na macho?"

"Iko nayo! Na iko naangalia!"

Zorobabel anasema alisikia beseni likigongwa, kisha kicheko, kisha mtu akilia huku bado anacheka. "Nikakohoa mara moja, kwa nguvu. Nilikuwa nimeifunga toka saa kumi."

Jumapili Kavuo alirudi Beni na picha kwenye bahasha. Ile ya ukuta itafuata. Akina mama waliizunguka na kujitafuta kwa vidole. Kila mmoja alijiona. Mama Eliane pekee amefumba macho, na kwaya nzima ikakubali kwamba ndivyo anavyokuwa siku zote akimwangalia mchungaji.

Koko Tamar aliisogeza mpaka puani. "Huyu muzee wa katikati ni nani? Mimi? Bon. Bakinikatalia kule Kisangani kama nilikuwa mwimbaji, nitabaonyesha hii." Akaifunga ndani ya nguo za safari, akasema "Wasingya", yaani asante, mara nyingi, na mambo yakaisha.

Sasa kwaya tatu zimemtumia Kavuo ujumbe wa kumwita azipige picha. Lakini kwanza anataka kupanda mpaka Kipese, milimani, ambako mama mmoja mkulima wa miaka tisini, anayesemwa ndiye wa kwanza kuimba katika parokia yake, hajawahi kupigwa picha.

"Nilimutumia habari kwamba nakuya, anisubiri," Kavuo anasema, huku akipangusa lenzi kwa kona ya blauzi. "Amenijibu: ukuje mbele ya mavuno ya viazi, kiisha pale sina nafasi ya kukaa."